Wadudu wa Nuria

Nuria binti Hemedi alizaliwa Kilwa Kivinje, akaolewa na barabara. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, maana mumewe Abdulwahab alikuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam mpaka Lusaka, na mke wa dereva huijua barabara kuliko anavyomjua mume. Mwaka 1988, biashara zilipoanza kufunguliwa na malori kuongezeka mpakani, Abdulwahab alimpangia chumba Tunduma ili akipita kwenda au kurudi apate mahali pa kuvua viatu. Nuria alifika mwezi wa sita, amevaa kanga mbili na kandambili. Upepo wa Tunduma mwezi wa sita hauna adabu hata kidogo. Wiki ya kwanza alitetemeka, ya pili akanunua sweta la mtumba, na tangu hapo hakulivua hata kwenye harusi.

Alizaa mtoto mmoja, Mwanaasha. Abdulwahab akaendelea na safari zake, halafu akaanza kukohoa, halafu akaanza kukonda, na mwaka 1999 akafa. Watu walisema ni kifua. Abdulwahab mwenyewe alisema kifua mpaka pumzi ya mwisho, na Nuria akasema kifua, ingawa wakati huo kila mtu Tunduma alijua kifua cha madereva ni kifua cha namna gani.

Hakurudi Kilwa. Aliwaomba madereva waliomjua marehemu wamletee samaki wa bahari katika maboksi ya barafu: vibua, jodari, na siku ya bahati kolekole. Watu wa milima ile walizoea dagaa wakavu na samaki wa maziwa, na mara ya kwanza walimtazama kibua kwa mashaka, kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Lakini Nuria alijua kukaanga. Aliwapaka ndimu, pilipili na kitunguu saumu, akawatia kwenye karai, na harufu ikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, bila pasi wala kibali. Wanawake wa Zambia wakaanza kuja wenyewe, wamejifunga vitenge, wakimwita "mayo", yaani mama, na kumsihi awapunguzie bei. Hakuwapunguzia.

Meza iliyofuata yake ilikuwa ya Jenista, Mndali wa kutoka milima ya Ileje, muuza dagaa, mwenye sauti iliyokomazwa na kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Walikuwa marafiki. Waligombana karibu kila siku, lakini hakuna aliyeweza kufungua biashara kabla mwenzake hajafika.

Na alikuwepo Twaibu. Twaibu alikuwa wakala wa forodha, Mrangi wa Kondoa, mtu mtaratibu aliyefiwa na mkewe zamani. Kila mchana alitoka kwenye makaratasi yake akaja kula kibua kwa Nuria, na kila baada ya muda aliuliza jambo lilelile. Mara ya kwanza Nuria alimwambia asubiri Mwanaasha amalize kidato cha nne. Mwanaasha akamaliza, akaenda Dodoma kusomea ualimu. Nuria akasema mfungo uishe kwanza. Mfungo ukaisha. Akasema soko linakarabatiwa, hana utulivu. Soko likamalizika, akaanza kuzungumzia mvua.

"Mama Mwanaasha," Twaibu alimwambia siku moja, "kama hunitaki sema, mimi ni mtu mzima."

"Sijasema sikutaki."

"Basi unanitaka."

"Sijasema hivyo pia. Kula, samaki anapoa."

Sababu ya kweli hakuisema kwa mtu yeyote. Nuria aliogopa kwamba kilichomuua Abdulwahab kimo mwilini mwake, kimetulia, kinasubiri siku yake. Kwenda kupima hakuthubutu. Kuolewa bila kupima hakuthubutu vilevile, kwa sababu alimpenda Twaibu na hakutaka kuwa yeye wa kumpeleka kaburini. Basi akabaki hapo katikati, miaka inapita, anageuza samaki kwenye karai na kumtolea mwanaume wa watu visingizio vya mvua.

Mwaka 2006 alikuja msichana wa Unguja, jina lake Naila, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya pili. Utafiti wenyewe ulikuwa hivi: samaki wa bahari akitoka pwani hadi mpakani, safari yote ile ya lori, ni bakteria gani wanaomharibu, na je, mwani unaweza kuwazuia? Mwani! Nuria alicheka kwa furaha. Hakuwa amelisikia neno hilo tangu aondoke Kilwa.

"Mwani ndiyo nini?" aliuliza Jenista.

"Majani ya baharini."

"Mnayala?"

"Kwetu hatuyali."

"Mnalishia mbuzi?"

"Wala."

"Mwee! Sasa yanaota ya nini?"

Naila alikuwa binti mwerevu na mwenye adabu, ila alikuwa na kasoro moja, na kasoro yenyewe aliipata kwa mwalimu wake. Mwalimu alimwonya kwamba huko sokoni asiwatishe watu kwa maneno ya maabara. Aseme lugha nyepesi. Kwa hiyo siku ya kwanza, akiwa amezungukwa na akina mama wauza samaki, Naila alilimeza neno bakteria na kusema kwa tabasamu kubwa: "Mimi, mama zangu, natafuta wadudu."

Akina mama wakarudi nyuma hatua moja. Maana Tunduma miaka ile, mji wa malori na nyumba za wageni, mtu alikuwa hasemi Ukimwi. Alisema ngoma, alisema amekanyaga waya, na zaidi ya yote alisema wadudu. Fulani ana wadudu. Fulani amekutwa na wadudu. Aliyeambiwa hakuuliza wadudu gani, aliguna tu na kushika tama. Na sasa amekuja msichana mzuri kutoka mbali na vijiti vyake vya pamba, anasema anatafuta wadudu, tena anaomba apanguse mikono ya watu!

Wengine waliificha mikono ndani ya kanga. Nuria aliitoa yake. Alijiambia kwamba damu haitoki, na bila damu hakuna kinachojulikana. Na zaidi ya hapo binti alikuwa wa pwani na alimwamkia vizuri. Jenista naye, asije akaonekana mwoga, akatoa yake. Naila akapangusa mikono, akapangusa mbao za kukatia, akapangusa ngozi na matamvua ya samaki, akafunga kila kijiti kwenye kichupa chake, akapanda basi kwenda maabara Mbeya.

Majibu yalikuja kwa simu. Simu ilikuwa ya Jenista, kwa sababu simu ya Nuria ilikuwa imetumbukia kwenye maji ya samaki na kujifia. Nayo ya Jenista haikuwa nzima. Spika ya sikioni ilikuwa imekufa, ukipokea simu basi soko zima limepokea. Ilikuwa asubuhi, wateja wamejaa, wanawake wa Nakonde wakiwemo, Jenista alipomsogezea Nuria simu.

"Bi Nuria!" sauti ya Naila ilitoka safi kabisa. "Majibu yako yametoka. Katika wote niliowapima, wewe ndiye uliyekutwa na wadudu wengi zaidi. Lakini usiogope, Bi Nuria. Dawa ipo. Utaitumia kila siku, na nina hakika..."

Hapo simu ikahamia mtandao wa Zambia, kama simu za Tunduma zinavyopenda kufanya bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na Naila akakatika.

Jenista alibaki ameishika simu mkononi. "Mtandao," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Mteja mmoja alimrudisha kibua mezani taratibu, akaondoka. Akafuata wa pili. Hakuna aliyesema neno baya, na huo ndio ubaya wenyewe. Walimwangalia kwa huruma, kama watu wanavyolitazama jeneza likipita.

Nuria alimwopoa kibua wa mwisho kwenye karai. Akajikaza kisabuni, akazima moto, akafunika samaki. Hakujiuliza imekuwaje wadudu wa damu wakaonekana kwenye mikono. Alijiambia sayansi imekwenda mbali, siku hizi hata damu haihitajiki. Mtu akiwa amelisubiri jambo kwa miaka, likija hata kwa mlango usio wake atalifungulia.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Twaibu, kwenye kijumba chake cha ofisi karibu na yadi ya forodha, malori yakinguruma nje. Akasimama mlangoni.

"Nimekutwa na wadudu," alisema. "Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukaambiwa na soko. Hiyo ndiyo ilikuwa mvua yangu yote."

Twaibu aliuweka chini muhuri aliokuwa ameushika. Kisha akasema, kwa ile heshima anayowapa wenye mizigo, "Ahsante kwa kuniambia, Mama Mwanaasha." Basi. Kesho yake akavuka kwenda Nakonde kwenye kazi zake, na mchana hakuja kula.

Hilo lilimuuma Nuria kuliko soko zima, tusifichane. Lakini siku zile za upweke alijikuta ana kitu ambacho hakukitarajia. Alilala usingizi mzito. Jambo aliloliogopa kwa miaka saba lilikuwa limeshafika, na yeye bado alikuwa anasikia njaa, bado anaudhika na moshi, bado anataka chumvi izidi kidogo. Aliendelea kufungua meza yake. Alikaanga samaki wachache, akala mwenyewe, na waliobaki akawapa mafundi wa pikipiki, ambao walikuwa na njaa kuliko woga.

Naila alirejea Tunduma siku ya Ijumaa, amebeba dumu la maji ya rangi ya chai na sanduku dogo la barafu. Alipomwona Nuria kwa mbali, akainua dumu juu.

"Bi Nuria! Nimekuletea dawa yako!"

Soko liligeuka. Jenista alifunika uso kwa mikono.

"Sema polepole, mwanangu," alisema Nuria. "Hapa watu wanasikia. Dawa yenyewe nainywaje?"

"Unainywa?" Naila alishtuka. "Hunywi, Bi Nuria! Ni maji ya mwani, unaoshea samaki. Na ubao. Na mikono yako."

"Dawa ya wadudu, naoshea samaki?"

"Si wadudu wenyewe ndio wa samaki!"

Nuria alimtazama. Alikaa kwenye kigoda chake kwa sababu hakuwa na namna nyingine. "Hebu anza mwanzo," alisema. "Wadudu gani?"

Naila akafungua sanduku, akatoa kisahani cha plastiki kilichofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na rojo iliyoganda, ya manjano hafifu, na juu ya rojo vidoa vingi, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya maziwa yaliyochacha. Akaeleza kwamba hao ndio aliowatoa kwenye mikono ya Nuria. Ni bakteria, viumbe wadogo mno; ukiona doa moja, hapo wamejaa wengi wasiohesabika. Wametoka baharini pamoja na samaki, wanakaa kwenye ngozi yake na matamvua, wanapenda chumvi, baridi ya barafu haiwasumbui sana, na wanamla samaki polepole njia nzima. Ile harufu ya samaki aliyeanza kuharibika ni kazi yao.

"Na kwa nini mimi ndiye niwe nao wengi?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayeshika samaki wabichi wa bahari kutwa nzima. Mama Jenista anashika dagaa wakavu. Kwenye kikavu hawastawi."

"Ndani ya damu yangu je?"

"Damu?" Naila alisema. "Bi Nuria, mimi sikupima damu. Nilipangusa vidole vyenye magamba."

Ndipo binti yule alipoelewa. Aliangalia meza isiyo na wateja, akamwangalia Jenista aliyefunika uso, akaziangalia nyuso za wauza mboga waliosogea kusikiliza, na rangi ikamtoka. "Ya Rabi," alisema. "Nilisema wadudu."

"Ulisema," alijibu Nuria. "Kwenye spika."

Nuria alikichukua kile kisahani, akakigeuza kwenye mwanga. Hakuwa na hasira hata chembe. Hasira ingekuja baadaye, na ilikuja, na ilikuwa ya haki. Wakati ule alijisikia mwepesi mpaka akashika ukingo wa meza. "Kwa hiyo hawa ndio wadudu wangu," alisema. "Na hiki walichokalia ni nini?"

"Rojo ya kuwaoteshea. Inatengenezwa kwa mwani."

"Si ulisema mwani unawazuia?"

"Mwani una aina nyingi, Bi Nuria. Mmoja tunawalishia, mwingine tunawafukuzia."

Nuria akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka mafundi wa pikipiki wakaja kuangalia kuna nini. Naila alilia na kuomba radhi na kucheka kwa pamoja, akaapa kwamba maisha yake yote yaliyobaki atasema bakteria hata kama anazungumza na mtoto wa chekechea. Na Jenista alipofahamu, aliinuka, akavuta pumzi, na ile sauti yake ya ng'ombe ikafanya kazi ambayo tangazo la serikali lisingeiweza.

"Jamani! Wa samaki! Wadudu wa Mama Mwanaasha ni wa samaki! Hata wewe Boazi unao, muuza kambale, usinitazame hivyo!"

Halafu akarudi mezani, akasimama mbele ya rafiki yake, mikono nyuma. "Nilitakiwa niizime ile simu," alisema. Nuria alimweleza yeye ni mtu wa aina gani, kwa maneno ambayo hayataandikwa hapa, kisha akamsogezea kigoda. Wakaosha samaki kwa maji ya mwani pamoja, Jenista akilalamika kwamba yananuka bwawa.

Twaibu hakuwa na habari. Alikuwa Nakonde, kwenye foleni ya mizigo, na sauti ya Jenista, pamoja na ukubwa wake, haikufika huko. Siku iliyofuata alivuka mpaka kurudi, vumbi limemjaa kwenye nyusi, akapita ofisini kwake bila kuingia, akaja mpaka mezani kwa Nuria. Hakukaa.

"Nimefikiri," alisema. "Na sitakudanganya. Siku ya kwanza nilifikiria kukimbia. Ya pili nikawaza watu watasemaje. Halafu nikakaa na njaa huko Nakonde, nikaona kila chakula nakilinganisha na chako, na kila nikitaka kumwambia mtu jambo, ninayetaka kumwambia ni wewe. Dawa siku hizi zipo, watu wanaishi. Mimi mwenyewe sijapima tangu mke wangu afariki, nani ajuaye? Twende hospitali ya Vwawa, tupime wote wawili, tujue tunaanzia wapi. Posa yangu iko palepale."

Nuria alikuwa ameshafungua mdomo amwambie, akaufunga. Kwanza alitaka kumtazama vizuri mtu yule, mwenye vumbi, aliyesema maneno yale bila kujua kwamba hayakuhitajika. Hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kikubwa hivyo.

"Wale wadudu," alisema mwishowe, "walikuwa wa samaki."

"Wa samaki?"

"Bakteria. Wa kwenye ubao. Naila alikosea neno."

Twaibu alikaa juu ya boksi la barafu, akavua kofia, akacheka kwa namna ambayo hakuna mtu Tunduma aliyewahi kumwona akicheka. "Alhamdulillahi," alisema. "Basi yameisha!"

"Hayajaisha," alisema Nuria. Na hapo, kwa mara ya kwanza, akamweleza habari za kifua cha Abdulwahab. Alimweleza yote, kikohozi na kukonda na vidonda vya mdomoni, na jinsi walivyokubaliana kuuita ugonjwa ule kifua. Angeweza kunyamaza. Soko lilikuwa limeshamsafisha, posa ilikuwa imeshaletwa upya, mtu mwingine angemshukuru Mungu akanunua ubani. Lakini alikuwa ameishi siku kadhaa akiamini kwamba anao ugonjwa, na alizimudu. Kurudi kwenye kutojua asingekumudu tena. "Ulisema Vwawa," alimaliza. "Twende."

Walikwenda Jumatatu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole, mwenye mazoea ya kusema mambo mazito kwa sauti ya chini. Alimtoboa Nuria kidole, akamweka asubiri, akamwita tena chumbani peke yake, akafunga mlango.

"Mama," alisema, akitabasamu, "shusha pumzi. Huna wadudu."

"Wadudu gani?" aliuliza Nuria.

Muuguzi alimwangalia juu ya miwani. "Mama, si unanielewa?"

"Neno hilo limeshaniumiza, dada yangu. Nitajie kwa jina lake."

"Huna virusi vya Ukimwi."

"Rudia."

Muuguzi akarudia. Akaongeza yale wanayoambiwa wote, ya kujilinda na kuja kupima tena, na Nuria akaitikia kila kitu bila kusikia. Alitoka nje akiwa ameshika ukuta. Twaibu, ambaye majibu yake mwenyewe yalikuwa salama, aliruka kutoka kwenye benchi.

"Sina," alisema Nuria. "Virusi vya Ukimwi, sina." Alisema kwa sauti ya kawaida, na watu wote kwenye benchi walisikia, na hakujali.

Twaibu alisema Alhamdulillahi mara nyingi. Kisha akaona Nuria analia, si machozi ya kucheka, bali kile kilio cha kuinama, mkono tumboni, kama wanavyolia watu msibani. Akachanganyikiwa. "Mama Mwanaasha, si majibu ni mazuri?"

"Namlilia Baba Mwanaasha," alisema Nuria pale sauti ilipopatikana. "Alipokufa sikumlilia. Nilikaa eda yote nalia, lakini nilikuwa najililia mimi, nikimhesabia makosa. Leo ndiyo amekufa, maskini. Alikuwa anapenda kibua cha pilipili."

Twaibu alisimama kidogo, hajui aweke wapi mikono yake. Halafu akakaa tena kwenye benchi, akamtandikia koti lake pembeni, akamwambia alie tu mpaka atosheke, magari ya kurudi Tunduma yapo mpaka jioni.